Saini ya Jumatatu Niliyoiandika Alhamisi

Vijana wenzangu wa karakana, mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Asanteni kwa hilo neno "kabla". Nimestaafu mwezi uliopita na akili zangu bado ziko mahali pake. Ni magoti tu yaliyotangulia kustaafu. Nitaandika, lakini msitegemee habari za vyeo. Cheo changu cha kwanza kilikuwa fundi na cha mwisho kilikuwa fundi, na katikati hapo nilipewa koti jipya mara mbili.

Watu wakisikia nimefanya kazi kwenye ndege huniuliza kama nilikuwa nagawa soda. Nikisema nilikuwa fundi wa injini hunitazama mikono, halafu huuliza habari za mvua. Shangazi yangu wa Lushoto alifariki akiamini kwamba kazi yangu ni kushona vitambaa vya viti. Nilimwacha na imani yake, maana aliniombea sana, na sikutaka zile dua zipotee njiani.

Siku ya kwanza nilifika kwenye kiwanja cha majani cha shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, nikiwa na cheti kilichowekwa kwenye fremu na sanduku la spana mpya. Fundi mkuu alikuwa Mzee Bakari, Mzigua wa Mazingara. Yeye ndiye aliyekuwa pia fundi mdogo na mtunza mafuta. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akalitazama sanduku langu kwa huruma.

"Umekuja na vidole?" akauliza.

"Nimekuja na spana, mzee."

"Spana tunazo. Macho yana haraka, binti yangu. Vidole havina haraka."

Wiki nzima ya kwanza alinifunga kitambaa machoni. Kila asubuhi nilipapasa injini kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya ugenini, naye amekaa juu ya debe akiniuliza: hiyo nini, ina nini, papasa tena. Siku ya tano nikagusa ufa kwenye bomba la moshi. Nilipovua kitambaa sikuuona, nikadhani nimeota. Ikabidi tumulike kwa tochi na kioo kidogo cha mpini mrefu, ndipo ukaonekana, mwembamba kuliko unywele. Mzee Bakari alicheka hadi akakohoa. Fremu ya cheti changu aliiomba, akaweka picha ya mjukuu wake.

Kesi ngumu ya kwanza niliyokabidhiwa nilishindwa, na nataka mjue. Kipimo cha mwendo kiligoma. Ndege inakimbia kwenye majani, chenyewe kinasema imesimama. Nikakifungua, nikakifunga, nikatoa uamuzi kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba kimekufa. Kikaagizwa kingine ng'ambo. Tulikingoja miezi mitatu, kikaja kimefungwa kama bibi harusi, nikakifunga mahali pake. Ndege ikakimbia, nacho kikasema imesimama. Mzee Bakari, ambaye miezi yote mitatu alikuwa amenyamaza kwa makusudi, alichomoa kijiti cha ufagio, akaenda kwenye kale kabomba ka chini ya bawa kanakopokea upepo, akatoa udongo wa nyigu wa kujaza kijiko. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake humo, nyumba nzuri kabisa.

"Ndege ni matundu," akaniambia. "Hiki kibomba kinapokea upepo. Hili la ubavuni linajua uko juu kiasi gani. Hili la chini ya bawa ni pua ya tangi. Umewahi kumimina mafuta kwenye dumu lisilo na tundu la hewa?"

Nani hajawahi. Mafuta hutoka kidogo, yanagugumia, yanakatika. Tangu siku hiyo nilitembea na kijiti mfukoni, na mume wangu alikoma kushangaa akikikuta kwenye nguo za kufua.

Shamba lilipopata wenyewe wapya, ndege iliuzwa pamoja na matrekta mawili na mimi. Mzee Bakari alisema yeye hauzwi, akarudi Mazingara kulima mahindi. Aliyetununua alikuwa Bwana Rameshi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Korogwe, tawi lingine Chanika kule Handeni, na shamba la michungwa Mazingara, huko huko Handeni, lenye kiwanja kifupi cha kutua. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kucheka, rubani mwangalifu, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni ile ndege. Ilikuwa ya viti vinne na injini moja, na kwa umri ingestahili kuamkiwa na sisi sote.

Alisema ameinunua ili kuokoa muda. Kutoka Korogwe hadi Handeni kwa ndege ni robo saa, hilo ni kweli na sitalipinga. Lakini kwanza mtu atumwe kufukuza ng'ombe kiwanjani, na mwenye ng'ombe, kijana wa Kimasai mwenye adabu sana, aelezwe upya kwa nini majani mazuri kiasi hicho yanaachwa bure. Halafu mimi nipapase injini. Halafu mafuta yachujwe kwa kitambaa, tajiri akague mwenyewe, apige simu Mazingara wafukuze ng'ombe wa kule. Siku moja karani wake alipanda basi la asubuhi, akafika Chanika, akafungua duka, akauza mabati, akanywa chai na maandazi, ndipo akasikia tajiri anapita juu akiokoa muda.

Mkewe aliiita ndege ile bi mdogo, na hakuwa anatania sana. Nikipita dukani aliniuliza, "Bi mdogo amekula nini wiki hii?"

"Plagi nne, mama, na mpira wa tairi."

"Mimi nimeomba jiko tangu Diwali ya mwaka juzi," angesema, na kunifungia misumari niliyoagizwa. Nilijisikia vibaya, kama mjumbe wa mapenzi yasiyo halali.

Vijana, mtakaorithi ndege nzee nawaambia: chuma si tatizo. Chuma kinasema ukweli. Kikichoka kinapasuka, kikilegea kinapiga kelele. Tatizo ni karatasi. Niliwahi kupokea boliti moja, ndogo kama kidole cha mtoto, pamoja na karatasi tisa zinazoeleza ilizaliwa wapi na nani aliishuhudia. Karatasi ya nne ilikuwa imepotea, basi boliti ikakaa kwenye bahasha miezi miwili na ndege ikakaa chini. Dukani kwa Bwana Rameshi, hatua mia tatu kutoka hapo, kulikuwa na boliti kama ile debe zima. Hazikuwa na karatasi, kwa hiyo mbele ya sheria zilikuwa misumari tu. Na sheria iko sahihi, msije mkanielewa vibaya. Nacheka, lakini sijawahi kufunga boliti ya duka kwenye ndege.

Bima ndiyo iliyokuwa mama wa karatasi zote. Kila mwaka fomu ilikuja kutoka Dar, na kila mwaka niliitwa ofisini kusaidia kuijaza. Je, ndege inalala ndani au nje? Tuliandika ndani, maana banda lilikuwa na paa na ukuta mmoja. Je, banda linatumika kwa shughuli nyingine? Tajiri alinitazama, nami nikawatazama kuku wa mlinzi. Tukaandika hapana, kwa sababu kutaga si shughuli ya biashara.

Mwaka mmoja wakala mwenyewe alikuja, akatusomea yale maandishi madogo ya nyuma. Bima hailipi kwa kutu, uchakavu, panya, wadudu, vita, maandamano wala uzembe.

"Sasa inalipa nini?" nikauliza.

"Ajali, mama."

"Ajali ya namna gani?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Ile isiyosababishwa na hayo niliyosoma."

Huku kwetu tumezoea mikataba ya namna hii. Kule Handeni wapo wazee wa dawa mashuhuri, na mtu akizindikiwa gari lisipate ajali huambiwa usipite njia panda ukiwa na njaa, usibebe samaki, usimjibu mtu anayekuita kwa nyuma. Gari likipinduka huulizwa: una hakika hukumjibu mtu? Nilimweleza wakala hivyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Nadhani alikuwa anajiuliza kama hicho kipengele cha samaki kinaweza kuongezwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika, maana nyigu na boliti mngeweza kusimuliwa na mtu yeyote.

Ulikuwa mwaka ambao kampuni ya bima ilisema ndege imezeeka mno na haitaikubali tena kwa fomu peke yake. Ingemtuma mkaguzi aione kwa macho. Mkaguzi angekuja Jumatatu, asome kitabu cha ndege, aizunguke, kisha arushwe hadi Mazingara akaone kiwanja cha kule. Akikataa, ndege ingebaki bandani milele, nami ningebaki na kuku.

Nilifanya ukaguzi wa mwaka kwa siku kumi, kwa vidole, sehemu kwa sehemu. Nilibadilisha hata mipira ya vifuniko vya matangi, ikakaza vizuri kabisa, haikupitisha hata pumzi. Alhamisi mchana nilimaliza. Kazi ilikuwa safi, na naapa kwa hilo hadi leo. Ijumaa nilitakiwa niwe Lushoto kwenye harusi ya mpwa wangu, nirudi Jumatatu kwa basi la kwanza.

Nilipofungua kitabu ili nisaini, Bwana Rameshi akatikisa kichwa. "Fundi, usiandike Alhamisi. Mgeni anakuja Jumatatu. Andika Jumatatu, akute saini ya moto moto."

"Jumatatu haijafika, tajiri."

"Itafika. Ndege inalala humu ndani, nani ataigusa? Basi lako likiharibika, mkaguzi amngoje fundi kiwanjani?"

Hapa kwetu mgeni hangoji. Mgeni anakuta maji ya kunawa yapo, chakula kipo, na mwenyeji anajifanya hakuhangaika. Niliona ni adabu tu. Nikaandika kwamba leo, Jumatatu, nimeikagua ndege hii kwa mikono yangu na ni salama. Nikasaini. Nakumbuka saini ilikaa vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatatu asubuhi basi halikuharibika. Nilishuka njia panda nikiwa bado na nguo za harusi, nikapanda bodaboda hadi kiwanjani. Nilipoiona ndege nilidhani ni nyingine. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, yenye mstari wa buluu ubavuni, inang'aa kiasi kwamba mlinzi alikuwa anachana nywele mbele yake.

Aliyefanya hivyo alikuwa Bibi Kamla, mama yake Bwana Rameshi. Alizaliwa Korogwe, Kisambaa chake kilikuwa safi kuliko changu, na tangu ujana alikalia kiti cha kaunta dukani bila kukosa. Jumamosi alipita kuona maandalizi, akaikuta ndege imebabuka rangi, akashika kichwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, sasa mgeni atapona vipi akiona hivi? Akamwita Fundi Athumani wa Masuguru, ambaye ndiye aliyepaka maduka yote mazuri ya mjini, akampa makopo ya rangi ya mafuta kutoka dukani. Fundi Athumani alifanya kazi Jumamosi na Jumapili. Tajiri alikuwa Chanika siku zote mbili. Aliporudi akafurahi kama mtoto, na hakuona sababu ya kunipigia simu harusini.

Mkaguzi alikuwa amefika mapema. Alikuwa kijana nadhifu wa viatu vya ncha kali, ameshakunywa chai, ameshapiga picha kwa simu pande zote, ameshasoma kitabu. Kwenye fomu yake, penye hali ya rangi, nilimwona akiandika "nzuri sana" na kupigia mstari. Na Bibi Kamla, ambaye miaka yote alikataa kupanda "jeneza la Rameshi", siku hiyo alikuwa amekaa kiti cha nyuma na kikapu cha vitafunwa mapajani. Ndege iliyopakwa rangi nzuri hivi, alisema, ni ndege ya watu wa heshima. Alitaka kuiona michungwa yake kutoka juu kabla hajafa.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia dirishani.

"Marahaba. Umependeza. Harusi ilikuwa na watu?"

"Walijaa, bibi."

Akafunga mkanda. Mkaguzi akapanda mbele, tajiri akashika usukani, nami nikarudi nyuma karibu na Fundi Athumani, aliyesimama ameweka mikono kiunoni akiitazama kazi yake.

"Hongera, fundi," nikamwambia, kwa kinyongo kidogo.

"Asante, mama. Ilikuwa mbovu sana. Matundu kila mahali! Mimi kazi yangu haiachi tundu. Nimepiga lipu yote, nikapiga msasa, ndipo nikapaka. Hata yale madogo ya chini ya bawa, ambayo mtu mwingine angeyaacha kwa kuwa hayaonekani."

Niliingia chini ya bawa na kupitisha vidole pale penye pua ya tangi. Palikuwa laini kama shavu. Nikakimbilia ubavuni. Laini. Na wakati huo huo pangaboi likazunguka, injini ikawaka kwa sauti tamu kabisa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeitengeneza vizuri.

Sikuwa na muda wa busara. Nilikimbia mbele ya ndege, mbali kidogo na pangaboi, nikavua khanga ya harusi na kuipunga, nikasimama katikati ya njia. Bwana Rameshi alinionyesha kwa mkono nipishe. Nikakaa chini kwenye majani. Mtu akisimama unaweza kudhani anaaga. Akikaa chini ndipo unaelewa kwamba hapishi. Injini ikazimwa.

Alishuka uso umemwiva, lakini sauti aliipunguza kwa ajili ya mgeni. "Fundi, unanivunjia heshima."

Nikamweleza, kwa sauti ya chini vile vile: pua za matangi zimezibwa, ndege haitapumua.

"Basi chukua kijiti chako uzibue, tuondoke. Dakika tano. Mwambie unafuta vumbi."

Vijana, ningeweza. Kijiti nilikuwa nacho, hata kwenye nguo za harusi. Ningezibua yale matundu ninayoyajua, mkaguzi angeona ni uangalifu wa fundi, pengine angeuandikia "nzuri sana". Lakini sikujua mkono wa Athumani umefika wapi pengine. Mkia nao ulikuwa umepakwa mara tatu, na mkia wa ndege hupimwa uzito kama dhahabu. Ukiuongezea rangi bila kuusawazisha unaweza kuanza kutetemeka angani hadi ukatike. Nilimtazama Bibi Kamla dirishani akipanga upya vitafunwa vyake. Niliogopa. Niliogopa zaidi kuliko wakati mwingine wowote kabla au baada, na sehemu kubwa ya woga ule, nakiri, haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa kwa ajili ya leseni yangu.

"Haitoki leo," nikasema, safari hii kwa sauti ya kusikika.

Mkaguzi alikuwa ameshashuka, kitabu mkononi. "Lakini mama, hapa umesaini. Leo. Umesema ni salama."

Akanigeuzia kitabu niuone ukurasa.

"Hiyo saini ni ya uongo," nikasema. "Niliiandika Alhamisi. Leo sijaigusa ndege hii."

Alifungua fomu yake, akageuza kurasa mbele na nyuma. "Sasa mimi niandike wapi jambo hilo?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Fomu haina sehemu hiyo."

Bwana Rameshi hakuniamini kuhusu matundu. Alisema ndege imekaa miaka yote hiyo, tundu moja litafanya nini. Basi tuliweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, tukafunga mkia kwa kamba za mkonge kwenye nguzo mbili za banda, tukamteremsha bibi na kumkalisha kwenye kiti kivulini. Mimi na tajiri tukapanda, tukawasha, tukaivuta injini kwa nguvu kama inavyovutwa wakati wa kupaa. Mkaguzi alishika saa. Kwa dakika kadhaa injini iliimba, na tajiri akaanza kunitazama kwa jicho la "unaona sasa". Kisha ikakohoa. Ikashika, ikakohoa tena, ikazima. Nilipofungua kifuniko cha tangi, hewa iliingia kwa mlio kama wa mtu aliyeokolewa majini.

"Dakika kumi na moja," akasema mkaguzi.

Sote tulijua safari ni robo saa. Nilimwona tajiri akitazama upande wa Handeni, juu ya yale mapori ambako dakika ya kumi na moja ingewakuta.

Fundi Athumani alisogea karibu. "Sasa mngeniambia tundu lipi lina kazi na lipi halina," akasema, machozi yanamlenga. Kati ya watu wote tuliokuwa pale, ni yeye peke yake aliyekuwa amefanya kila alichosema amefanya.

Mkaguzi akakiacha kitabu kwenye kiti cha ndege, akaomba kwenda kujisaidia, naye alikaa huko muda mrefu kuliko haja. Nadhani ilikuwa hisani. Bwana Rameshi alielewa hivyo pia, kwa sababu alikichukua kitabu, akakifungua kwenye ukurasa ule, akaushika kwa pembe.

"Fundi, una miaka mingapi ya kazi?" akaniuliza taratibu. "Watakunyang'anya leseni. Ukurasa huu ukitoka, tunaandika mwingine, wa kweli. Ni kwa faida yako."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kunasema chana. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema jinsi inavyokuwa laini kutembea.

Bibi Kamla alisema kutoka kwenye kiti chake, bila kuinua sauti. "Rameshi. Mimi nilikuwa nimeshafunga mkanda."

Aliuachia ukurasa. Akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akanipa, na hakuweza kunitazama wala mimi sikuweza kumtazama.

Yaliyofuata mnayajua kwa tetesi. Leseni yangu ilisimamishwa miezi sita, nikakaa nyumbani nikishona, marehemu shangazi akawa ameshinda. Fundi Athumani alikwangua rangi yake mwenyewe wiki mbili, akiomboleza. Kampuni ya bima ilijibu kwa barua kwamba ndege imekubaliwa, ikasifu hali ya rangi, na ikashauri tajiri atafute fundi mwaminifu zaidi. Tajiri aliisoma barua hiyo mbele yangu, akaikunja ndogo sana, akaningoja miezi sita yote na ndege haikuruka hata mara moja. Bibi Kamla hakupanda tena, na michungwa yake hakuiona kutoka juu. Alifariki akiwa kwenye kiti chake cha kaunta. Hilo linaniuma, na sina mzaha wa kuweka hapo.

Kitabu cha ndege nimewaachia kwenye kabati la chuma. Mtaukuta ukurasa ule. Kwenye kitabu cha ndege kosa halifutwi wala halipakwi wino mweupe. Linapigwa mstari mmoja ili yeyote ajaye alisome. Wangu niliupiga siku ile kwa kalamu ya tajiri, mwembamba, umenyooka. Chini yake jina langu linasomeka vizuri, na tarehe ya Jumatatu, na lile neno "salama".